UKUBWA WA MWILI, MAKAZI NA MASAFA YA NYIMBO ZA NDEGE: UFAFANUZI WA MJADALA KWA MIFANO YA AFRIKA

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna ukubwa wa mwili na makazi yanavyochangia kuunda nyimbo za ndege. Dai lililozoeleka katika ekolojia ya sauti ni kwamba msitu huwalazimu ndege kuimba kwa sauti nene, ilhali uwanda wazi huruhusu sauti nyembamba. Makala yanajenga hoja kwamba dai hilo, likitumiwa kulinganisha spishi moja na nyingine, hubebwa zaidi na tofauti za ukubwa wa mwili na za udugu wa kinasaba kuliko na uoto wenyewe. Athari halisi ya makazi hubainika vizuri zaidi ndani ya spishi moja, na mara nyingi hupitia kelele badala ya majani. Mifano mingi imetolewa Afrika ya Kati na Mashariki.

Maneno muhimu: masafa, ukubwa wa mwili, makazi, Tao la Mashariki, vinasa sauti

1.0 Utangulizi

Mzungumzaji wa Kiswahili huieleza sauti kwa msamiati wa umbo. Sauti ya mtoto ni nyembamba. Ya mzee mwenye kifua kipana ni nene au nzito. Msamiati huo unabeba ndani yake nadharia ndogo ya fizikia, kwamba aliye mkubwa hutoa sauti ya chini na aliye mdogo hutoa sauti ya juu. Kwa upande wa ndege nadharia hiyo, kama itakavyoonekana, imestahimili majaribio kuliko nadharia nyingi zilizoandikwa na wataalamu.

Kabla ya kuendelea, istilahi moja inahitaji kuwekwa sawa. Neno "masafa" katika Kiswahili cha kawaida humaanisha umbali, lakini katika fizikia humaanisha idadi ya mitetemo kwa sekunde, inayopimwa kwa hezi. Katika makala haya neno hilo linatumika kwa maana ya pili pekee, na palipokusudiwa urefu wa njia limetumika neno "umbali". Vilevile, "sauti ya juu" imeepukwa kwa kuwa huchanganya wembamba wa sauti na ukali wake. Ndege anaweza kuimba kwa sauti nyembamba iliyo hafifu, au nene iliyo kali, na mkanganyiko wa sifa hizi mbili umewahi kupotosha hata ufasiri wa data.

2.0 Mwili kama chombo cha sauti

Ndege hatoi sauti kwa koromeo la juu kama binadamu. Kiungo chake cha sauti kiko chini zaidi, mahali ambapo bomba la hewa hugawanyika kuelekea mapafu mawili. Hapo utando mwembamba hutetemeshwa na hewa inayotoka mapafuni, na misuli inayouzunguka huukaza au kuulegeza. Utando mkubwa na mzito hutetemeka polepole. Mdogo na mwepesi hutetemeka haraka. Bomba la hewa na mdomo huchuja sauti hiyo, na mirija mirefu huyapendelea masafa ya chini.

Kutokana na msingi huu, ukadiriaji rahisi unawezekana. Iwapo maumbo ya ndege wawili yanafanana na tofauti yao ni ukubwa tu, urefu wa viungo vyao hubadilika kwa kipeo cha theluthi moja cha uzito. Ndege mwenye uzito mara nane ya mwenzake atakuwa na viungo vyenye urefu mara mbili, na masafa yake yatatarajiwa kuwa nusu. Chozi mwenye gramu 8 na kunguru mweupe mwenye takribani gramu 500 wanatofautiana kwa uzito mara sitini na kitu. Hivyo masafa ya kunguru yanatarajiwa kuwa karibu robo ya yale ya chozi. Wote wawili ni wa oda ya Passeriformes, kwa hiyo ulinganisho huu haukusanyi ndege wa koo zilizo mbali mno. Yeyote aliyewahi kusikia chozi akilia kwenye maua ya uani na kunguru akilia juu ya paa anajua kwamba mwelekeo huo ni wa kweli.

Hata hivyo, mwelekeo si amri. Kitororo wa spishi ya Pogoniulus bilineatus, ndege mdogo wa jamii ya zuwakulu, hana uzito wa gramu 20, lakini hutoa mfululizo wa milio iliyo karibu na kilohezi 1, masafa ambayo ukadiriaji ungeyatarajia kwa ndege mkubwa zaidi yake mara nyingi. Jamii ya njiwa nayo hulia kwa mdomo uliofumbwa huku sehemu ya juu ya umio ikijazwa hewa na kuvimba, na uvimbe huo huupa nguvu mtetemo wa chini na kuzima ile ya juu. Mifano hii inaonesha kuwa mwili huweka mipaka, na kwamba mipaka hiyo husogezwa na viungo maalumu. Kwa sababu hiyo, kuwachanganya njiwa, vitororo na chozi katika grafu moja bila kuzingatia koo zao ni kujitafutia matokeo yasiyo na maana.

Mdomo unastahili kutajwa kwa upekee. Podos (2001), akichunguza ndege wa visiwa vya Galápagos wanaohusishwa na jina la Darwin, alionesha kuwa wale wenye midomo mikubwa na yenye nguvu ya kupasua mbegu ngumu huimba kwa mapigo ya polepole zaidi na katika upana mdogo wa masafa. Mdomo mzito haufunguki na kufungika kwa wepesi. Hapa chakula, ambacho ni sehemu ya makazi, hubadilisha wimbo kwa kupitia mwili. Jambo hili ni la msingi kwa hoja ya makala haya: mwili na makazi si visababishi viwili vilivyotengana, na mtafiti anayeviweka katika safu mbili za jedwali kana kwamba havijuani tayari amekwisha kufanya uamuzi wa kinadharia.

3.0 Safari ya sauti katika uoto

Sauti ikisafiri hewani pasipo kizuizi hupungua kwa takribani desibeli 6 kila umbali unapoongezeka maradufu, kwa kuwa nishati ileile husambaa katika eneo kubwa zaidi. Kutoka mita 10 hadi mita 80 ni mara tatu za kuongezeka huko, yaani upungufu wa desibeli 18. Upungufu huu hauchagui kati ya sauti nene na nyembamba. Uchaguzi huanzia pale hewa inapoifyonza sauti na majani yanapoitawanya.

Urefu wa wimbi ndio ufunguo. Kwa mwendo wa sauti wa takribani mita 343 kwa sekunde katika nyuzi 20 za selsiasi, wimbi la kilohezi 1 lina urefu wa sentimita 34, la kilohezi 4 sentimita 8.6, na la kilohezi 8 sentimita 4.3. Wimbi refu hulizunguka jani kama maji ya mto yanavyouzunguka mti wa uzio. Wimbi fupi hugonga jani lenye upana unaokaribiana nalo na kutawanyika pande zote. Ndiyo maana katika msitu mnene sauti nyembamba hufifia mapema.

Yapo mambo mawili yanayoutatiza mchoro huu. Kwanza, karibu na ardhi sauti nene sana hudhoofika, kwa kuwa wimbi linaloakisiwa na udongo laini wa msituni hukutana na lile linalokwenda moja kwa moja na kulibatilisha. Ndege anayeimba sakafuni mwa msitu na anayeimba kileleni mwa mti uleule hawamo katika makazi mamoja kisauti, hata kama ramani ya uoto inawaweka pamoja. Pili, msitu una mwangwi. Milio ya haraka inayofuatana huingiliana na mwangwi wake yenyewe na kupoteza mipaka. Mlio mrefu wa masafa yasiyobadilika huweza kunufaika, maana mwangwi huurefusha na kuupa nguvu. Uwanda wazi una adha ya aina nyingine. Upepo na joto linalopanda kutoka ardhini huifanya sauti iyumbe, mara isikike mara isisikike, na huko kurudiarudia haraka ni kinga.

Kwa hiyo makazi yanagusa kasi ya mapigo, upana wa masafa na muda wa kila mlio, si masafa pekee. Fasihi ya taaluma hii imeyashughulikia zaidi masafa kwa sababu ni rahisi kuyapima.

4.0 Dai la makazi na majaribio yake

Kazi iliyolipa dai la makazi umaarufu ni ya Morton (1975) nchini Panama. Alirusha sauti za majaribio misituni na katika nyasi, akaona kuwa msituni masafa ya takribani hezi 1,500 hadi 2,500 husafiri vizuri kuliko mengine, na kwamba nyimbo za ndege wa msituni zina mwelekeo wa kukaa humo. Miaka minne baadaye Hunter na Krebs (1979) walitumia mbinu tofauti. Badala ya kulinganisha spishi nyingi, walimfuata ndege mmoja, Parus major, katika nchi kadhaa, kuanzia Ulaya ya Kaskazini hadi Morocco na Iran. Wale wa msitu mnene walikuwa na nyimbo zenye masafa ya juu yaliyo madogo zaidi, upana mdogo wa masafa na milio michache katika kila kifungu.

Tafiti hizi mbili hutajwa pamoja mara nyingi kana kwamba zinasema jambo moja. Hazisemi. Ya kwanza inalinganisha spishi, ya pili inalinganisha jamii za spishi moja ambazo mwili wake haubadiliki sana. Ryan na Brenowitz (1985) waliirudia hoja ya Morton wakiingiza ukubwa wa mwili, udugu wa spishi na kelele za mazingira, wakaonesha kwamba haiwezekani kuihukumu nafasi ya uoto kabla ya kuvipima vitu hivyo. Spishi za msituni katika nchi za joto ni pamoja na ndege wa koo ambazo hazipatikani katika nyasi. Kama mababu wa koo hizo walikuwa wakubwa au waliimba kwa sauti nene kabla ya kuingia msituni, msitu hauna sifa ya kudai. Boncoraglio na Saino (2007) walikusanya matokeo ya tafiti nyingi na kukuta kuwa masafa kweli huwa chini katika makazi yaliyofungika, ila kwa tofauti ndogo.

Jaribio pana zaidi ni la Mikula na wenzake, lililochapishwa katika jarida la Ecology Letters mwaka 2021. Walipima masafa yenye nguvu kubwa zaidi katika nyimbo za spishi 5,085 za Passeriformes, wakitumia rekodi zilizohifadhiwa katika mkusanyiko wa xeno-canto, na wakazingatia udugu wa spishi. Matokeo yalikuwa mawili. Masafa hushuka kadiri uzito unavyoongezeka, kama nadharia ya mwili inavyotaka. Aidha, hushuka zaidi katika spishi ambazo dume ni mkubwa kuliko jike, dalili kwamba ushindani wa madume na uchaguzi wa majike huivuta sauti kuelekea unene. Uhusiano uliotarajiwa kati ya masafa na uoto haukuonekana.

Je, dai la makazi lifutwe? Jibu la makala haya ni hapana, ila lipunguzwe eneo lake. Uchambuzi wa kiwango cha dunia hauna budi kuyagawa makazi katika makundi machache na mapana, na kama ilivyoelezwa katika sehemu ya 3.0, ndani ya neno "msitu" mna sakafu, vichaka vya kati na vilele, kila kimoja na tabia yake ya sauti. Kinachoporomoka ni kauli ya jumla kwamba kuingia msituni kunaibadilisha spishi iwe na sauti nene. Kauli finyu, kwamba jamii za spishi moja hurekebisha nyimbo zao ndani ya mipaka iliyowekwa na mwili, bado imesimama, na ushahidi wake mzuri kwa kiasi kikubwa umetoka Afrika.

Slabbekoorn na Smith (2002) walimchunguza shore mdogo wa misitu, Eurillas virens, nchini Kamerun, katika msitu wa mvua na katika ukanda ambako msitu unakutana na savana. Nyimbo zilitofautiana kati ya mazingira hayo mawili, na watafiti hawakuishia kupima majani bali walirekodi pia kelele za kila mahali. Kirschel na wenzake (2009), wakimfuatilia ndege aitwaye Hylia prasina, walihusisha masafa ya wimbo wake na mwinuko wa ardhi na kelele za wadudu. Nyenje wanaolia mchana kutwa huchukua sehemu ya masafa, na ndege huimba mahali palipobaki wazi. Mjini injini huchukua nafasi ya nyenje: Slabbekoorn na Peet (2003) walikuta kuwa Parus major wa mitaa yenye kelele katika mji wa Leiden, Uholanzi, huanza nyimbo zao kwa masafa ya chini yaliyopandishwa kuliko wale wa mitaa tulivu. Kwa mtazamo huu, makazi ni mkusanyiko wa sauti kabla ya kuwa mkusanyiko wa miti.

Majirani nao ni sehemu ya mkusanyiko huo. Vitororo wa spishi mbili, Pogoniulus bilineatus na Pogoniulus subsulphureus, hutofautiana zaidi kwa wimbo na kwa umbo pale wanapoishi pamoja kuliko pale kila mmoja anapoishi peke yake, kama ilivyooneshwa na Kirschel, Blumstein na Smith (2009). Mtafiti anayelinganisha misitu miwili bila kuuliza nani mwingine anaimba humo anaweza kuupa uoto lawama isiyo yake.

5.0 Chozi wa Tao la Mashariki

Milima ya Tao la Mashariki inatoa jaribio ambalo maabara haiwezi kulitoa. Kutoka Milima ya Taita nchini Kenya hadi Udzungwa kusini mwa Tanzania, misitu ya milimani imekaa kama visiwa vilivyozungukwa na nyanda kavu. Ndani yake wanaishi chozi wa jenasi ya Cinnyris walio karibu sana kinasaba: Cinnyris usambaricus katika Usambara na Pare, Cinnyris loveridgei katika Uluguru, Cinnyris moreaui na Cinnyris fuelleborni ambao hukutana Udzungwa, na Cinnyris mediocris katika nyanda za juu za Kenya na Tanzania ya Kaskazini. Ukubwa wa miili yao unakaribiana, wote ni wa gramu chache, na wote hutumia misitu ya milimani na kingo zake. Kama mwili na makazi vingetosha kuueleza wimbo, nyimbo zao zingefanana.

Hazifanani kwa utaratibu huo. McEntee na wenzake (2021), akiwemo Chacha Werema wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walionesha kuwa baadhi ya jamii zilizotengana kwa muda mrefu mno bado zina nyimbo zinazokaribia kuwa sawa, ilhali nyingine zimeachana sana. Wimbo hukaa bila kubadilika kwa muda mrefu, kisha hubadilika kwa mruko. Matokeo haya yanashangaza zaidi yakikumbukwa kuwa chozi hujifunza nyimbo kwa kuwasikiliza wenzao. Ilidhaniwa kuwa wimbo unaofunzwa lazima upotoke kidogo kidogo kila kizazi, kama hadithi inayopita kinywa kwa kinywa.

Kwa taksonomia jambo hili lina uzito wa moja kwa moja. Wimbo umetumika kama kigezo cha kutenganisha spishi, na mipaka ya spishi ndiyo huamua ndege gani atahesabiwa kuwa wa pekee kwa mlima fulani na hivyo kupewa kipaumbele katika uhifadhi. Jamii mbili zenye wimbo mmoja zinaweza kuwa zimetengana zamani. Tofauti kubwa ya wimbo nayo inaweza kuwa ya majuzi. Katika mazingira ambamo mwili na uoto vimelingana, kinachobaki kuueleza wimbo ni historia ya kila jamii na mvutano wa dume na jike ndani yake, na vyote viwili havionekani katika orodha ya vipimo vya kawaida vya uwandani.

6.0 Athari kwa tafiti zinazotumia vinasa sauti

Vinasa sauti vinavyoachwa msituni kwa siku nyingi vimekuwa nyenzo ya kawaida ya kuhesabu ndege, hasa mahali ambapo mteremko na ukungu humzuia mtafiti kuona. Hapa ndipo fizikia ya sehemu ya 3.0 inakuwa suala la takwimu. Kinasa hakisikii ndege wote kwa umbali sawa. Tuseme kwamba katika msitu fulani ndege mkubwa mwenye sauti nene anasikika hadi mita 100, na chozi hadi mita 50. Eneo linalosikilizwa kwa yule wa kwanza ni takribani hekta 3.1, na kwa chozi ni chini ya hekta 0.8. Hata kama msongamano wao ni uleule, kinasa kitasajili mkubwa mara nne zaidi.

Kosa hilo lingekuwa dogo kama lingekuwa sawa kila mahali. Haliko hivyo. Kinasa kikihamishiwa katika shamba lililo kando ya msitu, majani yanapungua na duara la chozi linapanuka, huku la ndege mwenye sauti nene likipanuka kidogo tu. Mchambuzi asiyesahihisha umbali ataona chozi "wakiongezeka" shambani na anaweza kuandika kwamba ukataji wa msitu umewafaa. Takwimu ya namna hiyo ikifika kwa mamlaka inayogawa maeneo ya hifadhi, hakuna atakayejua kwamba ilizaliwa na urefu wa wimbi wa sentimita 4 au 5.

Sahihisho linawezekana kwa gharama ndogo. Katika kila kituo, spika iliyowekwa kwenye kimo ambacho spishi husika huimbia irushe sauti za majaribio za kilohezi 1, 2, 4 na 8, kwa ukali unaojulikana, kutoka umbali wa mita 10, 20, 40 na 80, asubuhi ile ile ambayo ndege wanarekodiwa, ili upepo, unyevu na nyenje viwe vilevile. Kisha umbali ambao kila masafa hupotea katika kelele uandikwe kituo kwa kituo, na hesabu ya kila spishi igawanywe kwa eneo lililosikilizwa kwa masafa yake. Rekodi zilizokwisha kuhifadhiwa bila vipimo hivyo bado zinafaa kutaja ni spishi zipi zilikuwepo, lakini hazifai kutoa idadi ya kulinganisha msitu na shamba.